Kufunga rodi-holda, taa na fishifainda kwenye boti ndogo bila kuiharibu boti yenyewe

Nimeamua kuandika hii ya kufunga rodi-holda (vishikio vya kusimamishia rodi, yaani fimbo za kuvulia), taa na fishifainda (kifaa cha skrini kinachoonyesha kina cha maji na samaki) mara moja ili nikiulizwa tena niwe namtumia tu mtu aisome, maana maswali ni yale yale kila siku. Nifunge kwa skrubu au bolti? Fyuzi ya ampia ngapi? Waya wa nyumbani si utafaa tu? Mbona taa zangu zinafifia? Kama una boti ndogo ya mita nne mpaka saba hivi, ya fayabaglasi au ya alumini, ina injini ya nje na betri ya volti 12, soma mpaka mwisho kabla hujashika drili. Nasema hivyo kwasababu boti ya kwanza niliyoifanyia kazi niliitoboa matundu mawili ambayo hayakuhitajika kabisa, na kila nikipanda nayaona.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza (usianze halafu ukakwama katikati boti ikiwa na tundu wazi):

- Drili, biti kali za saizi tofauti, biti ya kupanulia mdomo wa tundu, na msumeno wa duara kama rodi-holda zako ni zile za kuzama ndani ya ukingo
- Bolti, nati na washa pana za stenlesi, gredi 316 kama uko maji chumvi
- Vipande vya kuweka nyuma ya bolti, vya plastiki ngumu au alumini nene
- Gundi ya kuzibia ya boti. Silikoni ya bafuni iache bafuni
- Epoksi kidogo
- Waya wa boti wenye nyuzi nyingi nyembamba za shaba iliyopakwa bati, mwekundu kwa chanya na mweusi au wa njano kwa hasi
- Sanduku la fyuzi, swichi zisizoingiza maji, na fyuzi kuu yenye kishikio chake
- Teminali zenye kimpira kinachojikaza kikipashwa joto, na plaisi yake ya kubania (sio plaisi ya kawaida, sio meno)
- Mita ya kupima umeme, hata ile ya bei rahisi
- Tepu ya karatasi, penseli, tochi, kioo kidogo, miwani ya kukinga macho na barakoa, maana vumbi la fayabaglasi linawasha ngozi na ni baya kwa mapafu

Kuhusu waya wa nyumbani nijibu hapa hapa tuachane nalo. Ule wenye uzi mmoja mnene hautakiwi kwenye boti, boti inatikisika masaa yote na uzi mmoja ukitikiswa unakatika ndani kwa ndani huku nje unaonekana mzima. Na shaba tupu isiyopakwa bati ikishanusa chumvi inageuka nyeusi kuanzia kwenye teminali inapanda ndani ya mpira, ukikwangua unakuta kama masizi.

Hatua ya 1. Panga kila kitu kwa tepu, usitoboe

Bandika kila kifaa kwa tepu pale unapofikiria kitakaa, halafu ingia ndani ya boti ukae kama unavyokaaga ukivua. Shika rodi. Jifanye samaki amekula, simama, zunguka, vuta. Je kiwiko kinagonga? Rodi inatoka kwenye holda kirahisi au inabidi uinyanyue juu ya kichwa cha mwenzio? Nyanyua injini mpaka juu kabisa na ukate usukani wote kulia halafu wote kushoto, hapa ndo wengi wanagundua holda waliyotaka kuiweka tezini (nyuma ya boti) inagongwa na injini ikinyanyuliwa. Kama unakokota chambo, hakikisha ncha za rodi zinatoka nje ya ubavu, zisiachie mshipi juu ya pangaboi.

Kama unaweza, iache hivyo hivyo na tepu siku moja nzima ukatoke nayo. Utabadilisha mawazo, nakuhakikishia.

Hatua ya 2. Chungulia nyuma ya kila alama

Kabla biti haijagusa boti ujue upande wa pili kuna nini. Tangi la mafuta, mpira wa mafuta, kebo ya usukani, waya za zamani, foamu. Tumia kioo na tochi, au ingiza simu ukapige picha. Kama huwezi kuona kabisa hilo eneo, usitoboe hapo, tafuta pengine.

Toa betri: waya wa hasi kwanza, chanya baadaye. Wakati wa kurudisha ni kinyume, hasi inakuwa ya mwisho. Na kama injini ni ya petroli fungua vifuniko vyote ngama (chini kabisa ndani ya boti, maji yanapokusanyika) ipate hewa kabla ya kuwasha drili, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unakaa chini huko usipoangalia, na drili inatoa cheche.

Hatua ya 3. Kutoboa

Kwenye fayabaglasi, bandika tepu ya karatasi, weka alama juu yake, halafu anza drili ikizunguka KINYUME mpaka ikwangue ile ngozi ya juu inayong'aa, ndipo uirudishe mbele. Ukianza mbele moja kwa moja na kuisukuma kwa nguvu unapata nyufa kama utando wa buibui kuzunguka tundu. Ukimaliza panua kidogo mdomo wa tundu, hiyo inazuia nyufa kuanza bolti ikikazwa na pia gundi inapata pa kukaa kama pete.

Kuna boti nyingi ambazo ukitoboa unakuta ngozi ya fayabaglasi juu, mbao au foamu katikati, ngozi nyingine chini. Hapa usifanye haraka. Toboa tundu kubwa kuliko bolti yako, kwangua mbao ya pembeni kidogo, jaza epoksi, iache ikauke kabisa, ndo utoboe tundu la saizi ya bolti katikati ya epoksi. Ni kazi ya siku mbili badala ya saa moja, najua, lakini maji yakishaingia kwenye ile mbao hayatoki, inaoza kimyakimya na siku moja unakanyaga dekini inabonyea.

Kwa alumini toboa taratibu, safisha vyuma vyote vilivyodondoka, na usiweke stenlesi igusane na alumini hivi hivi. Vyuma viwili tofauti kwenye maji chumvi vinatengeneza umeme kidogo na anayeliwa ni alumini. Weka washa za nailoni au ile pasta ya kutenganisha.

Hatua ya 4. Rodi-holda

Bolti inayopita mpaka upande wa pili, na kipande cha nyuma. Sio skrubu. Skrubu itashika siku zote ambazo hakuna samaki wa maana, siku akija inang'oka na holda, rodi na rili vyote vinaenda. Kipande cha nyuma kiwe kipana kuliko holda yenyewe ili nguvu isambae.

Za kuzama kwenye ukingo zinakuja na pembe tofauti, nyuzi 0, 15 na 30 ndo za kawaida. Kwa kukokota chambo mi napenda 30 kwa zile za pembeni na 15 kwa za tezini, ya 0 ni ya kuhifadhia rodi tu. Pima kina cha chini ya ukingo kwanza, bomba la holda ni refu kuliko unavyofikiria, na hakikisha umejua maji yakiingia humo yanatokea wapi.

Paka gundi kwenye kifaa, kuzunguka kila tundu na chini ya kichwa cha bolti. Kaza mpaka gundi itokeze kidogo pembeni, isiishe yote. Wakati wa kukaza zungusha nati, bolti mwenzio aishike isizunguke, ikizunguka inakata gundi. Tone la grisi kwenye uzi wa bolti pia, stenlesi kwa stenlesi hushikana ukikaza haraka na haitoki tena mpaka uikate. Kuna gundi nyingine ni za kudumu kabisa, ukitaka kutoa kifaa baadaye kinatoka na ngozi ya boti, kwahiyo soma chupa na chagua zile zinazokubali kutolewa.

Hatua ya 5. Betri, fyuzi na hesabu ndogo

Hesabu ni moja tu: wati gawanya kwa volti unapata ampia. Taa nne za dekini za LED za wati 10 kila moja ni wati 40, gawa kwa 12 ni kama ampia 3.3. Basi.

Sasa unene wa waya. Tuseme taa hizo ziko mita 5 kutoka kwenye sanduku la fyuzi. Umeme unaenda na kurudi, kwahiyo waya ni mita 10, hapo ndo wengi wanakosea. Ukitumia waya wa milimita mraba 1.5 unapoteza karibu volti 0.4 njiani, ambayo ni zaidi kidogo ya asilimia 3. Ukitumia 2.5 unapoteza kama 0.23. Kwa taa za njia (zile za nyekundu, kijani na nyeupe zinazoonyesha vyombo vingine uko wapi usiku) na fishifainda jitahidi upotevu usizidi asilimia 3, kwa taa za mapambo hata 10 hazina shida. Mi nanunua 2.5 kwa karibu kila kitu kwenye boti ndogo, naacha kuumiza kichwa.

Fyuzi kuu inakaa kwenye waya wa chanya karibu na betri iwezekanavyo, ndani ya sentimita 18 hivi. Fyuzi inalinda WAYA, sio taa. Kipande chochote cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi, kikichunika na kugusa hasi hakuna kitu cha kukizuia kuwaka moto. Kutoka hapo peleka waya mnene (milimita mraba 6 na fyuzi kuu ya 20A inatosha kwa boti nyingi ndogo) mpaka kwenye sanduku la fyuzi, halafu kila kundi lina fyuzi yake: taa za njia 5A, taa za dekini 5A, fishifainda ile iliyoandikwa kwenye kitabu chake, mara nyingi ni ndogo, 2 au 3. Taa za njia zisichangie fyuzi na kitu kingine chochote. Taa ya kuvutia samaki ikiingia maji ikaunguza fyuzi usiku, hutaki taa za njia zizime nayo.

Kwenye boti ya alumini usitumie bodi ya boti kama hasi. Kwenye gari inafanyika, huku unatengeneza mtambo wa kula boti yako. Waya mbili kwa kila kifaa, siku zote.

Betri ifungwe mkanda ndani ya boksi lake lenye hewa. Na kama ni betri ya asidi ya 100Ah, hesabia nusu yake tu ndo ya kutumia, ukishusha zaidi ya hapo mara kwa mara unaiua mapema.

Hatua ya 6. Kupitisha waya na kubana teminali

Pitisha waya juu iwezekanavyo, mbali na ngama. Kila inapopita kwenye tundu weka kimpira, kila nusu mita au pungufu ufunge usicheze. Kabla ya kuingia kwenye kifaa acha waya ushuke kidogo chini kisha upande, maji yanadondokea pale kwenye mkunjo badala ya kufuata waya mpaka ndani. Kitu kidogo sana hiki, na kinaokoa swichi nyingi.

Kubana: vua mpira wa waya, ingiza, bana kwa plaisi yake, halafu VUTA kwa nguvu. Ikitoka, nashukuru imetoka hapo na sio baharini. Ndo upashe joto kimpira mpaka gundi ya ndani itokeze. Wengine watakwambia lehemu ni bora, kwenye boti mi sikubali, lehemu inaufanya waya uwe mgumu sehemu moja na mtikisiko unaukata pale pale inapoishia. Kusokota waya mbili na kuzungushia tepu nyeusi sitaizungumzia.

Andika jina kwenye kila waya ncha zote mbili. Utajishukuru mwakani.

Hatua ya 7. Taa za njia

Hizi sio mapambo. Kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana baharini za 1972 zinasema taa ziwashwe toka jua kuzama mpaka jua kuchomoza, na mchana pia kama kuna ukungu au mvua nzito. Ukiwa umeangalia omo (mbele ya boti), nyekundu ni kushoto, kijani ni kulia, kila moja inaangaza nyuzi 112.5 kuanzia mbele moja kwa moja mpaka nyuma kidogo ya ubavu. Chombo cha injini kilicho chini ya mita 12 kinaruhusiwa kuongeza taa nyeupe moja ya kuzunguka pande zote badala ya kuwa na nyeupe mbili za mbele na nyuma, na hiyo nyeupe iwe juu ya zile za rangi kwa angalau mita 1. Kama boti iko chini ya mita 7 na kasi yake ya mwisho haizidi noti 7 (maili 7 za baharini kwa saa), nyeupe moja inakubalika, ila weka na za rangi kama inawezekana. Kwa maziwa na mito kunaweza kuwa na sheria zake, uliza mamlaka ya hapo.

Makosa ninayoyaona sana: nguzo ya nyeupe ni fupi, abiria akisimama anaiziba, au kivuli cha juu kinaiziba. Nyingine, taa ya nyekundu na kijani imefungwa kwenye sehemu iliyopinda ya omo kwahiyo inaangalia pembeni badala ya mbele. Simama mbele ya boti mita 30 hivi, tembea toka upande mmoja kwenda mwingine, ukiwa katikati kabisa unatakiwa uone rangi zote mbili na ukihama kidogo moja ipotee.

Kuna mtu ataniuliza kuhusu nyekundu juu ya nyeupe za chombo cha uvuvi. Sio zako. Kwa kanuni hizo, kukokota chambo hakukufanyi uwe chombo kinachovua, wewe ni boti ya injini kama nyingine. Ukitia nanga usiku wacha nyeupe ya kuzunguka peke yake, zima za rangi.

Hatua ya 8. Taa za dekini na za kuvutia samaki

Za dekini zielekee chini, chini ya usawa wa macho. Ndani weka hata moja nyekundu, macho yakizoea giza nyekundu hafifu haiyaharibu kama nyeupe. Na ukiwa unaendesha zima zile kali zote, kanuni zenyewe zinakataza taa zinazochanganywa na taa za njia au zinazokuzuia kuangalia mbele, na mwenyewe pia huoni kitu ukiwa ndani ya mwanga.

Taa ya kijani ya kuzamisha inavuta wadudu wadogo wa majini, hao wanavuta dagaa, dagaa wanavuta wakubwa. Inachukua muda, usiitoe baada ya dakika kumi ukasema haifanyi kazi. Nyingi zinapozwa na maji, ukiiwasha nje ya maji muda mrefu inaungua. Na sehemu nyingine kuvua kwa taa kuna masharti au kumekatazwa, ulizia kabla.

Hatua ya 9. Fishifainda

Transdusa ya tezini (kile kihisi cha fishifainda kinachokaa majini na kutuma sauti chini) inataka maji tulivu. Weka angalau sentimita 38 kutoka kwenye pangaboi, isiwe nyuma ya mstari wa ribiti, mbavu za chini ya boti, wala tundu la kutolea maji. Sehemu yake ya chini ishuke kama milimita 3 chini ya usawa wa boti kwa fayabaglasi, kama 10 kwa alumini. Ushauri wangu: kwanza funga kipande cha plastiki ngumu kwenye kitako cha boti, halafu transdusa uifunge kwenye hicho kipande, ukitaka kuihamisha unatoboa plastiki na sio boti.

Kebo yake usiikate hata kama ni ndefu. Ikunje mizunguko mikubwa uifunge mahali, na iende njia tofauti na waya za umeme na za redio.

Hatua ya 10. Jaribu ukiwa nchi kavu

Rudisha betri, washa kimoja kimoja, halafu vyote pamoja. Pima volti kwenye betri na kwenye taa ya mbali kabisa vyote vikiwa vimewaka. Mwagia maji kwa mpira kama mvua huku mtu yuko ndani na tochi anaangalia panapovuja. Safari ya kwanza iwe fupi na ya mchana, ukirudi kagua kila nati.

Ikigoma

Taa inafifia. Pima betri, pima kwenye taa. Tofauti ni kubwa? Tatizo ni njiani, na mara nyingi sana ni upande wa hasi ambao hakuna mtu anauangalia. Weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye hasi ya taa ikiwa imewaka, ukisoma zaidi ya volti 0.2 hivi umempata mwizi. Kama betri yenyewe, ikiwa imepumzika, iko 12.2 basi imebaki nusu, iliyojaa inasoma 12.6 na kidogo.

LED haiwaki kabisa na umeme upo. Umegeuza chanya na hasi. Nyingi hazifi, zinakataa tu.

Fyuzi inakatika papo hapo. Kuna waya umechunika na kugusana, angalia kwenye matundu uliyosahau kuweka kimpira. Inakatika baada ya dakika kadhaa? Umeongeza vitu kuliko fyuzi, au kuna taa imeingia maji. Usiweke fyuzi kubwa zaidi "ili isikatike", nishaona waya ulioyeyuka kuanzia omo mpaka tezi kwasababu hiyo.

Redio inakoroma ukiwasha taa. LED za hovyo zinatoa kelele ya umeme. Zima moja moja mpaka ikome, hiyo ya mwisho ndo mkorofi, ibadilishe au isogeze waya wake mbali na antena.

Fishifainda inazima ukipiga stata. Volti zinashuka wakati wa kuwasha injini. Ipe betri yake ndogo peke yake, au uiwashe baada ya injini.

Fishifainda inaona chini ukienda taratibu, ukiongeza kasi picha inapotea. Mapovu yanapita chini ya transdusa. Ishushe milimita mbili, jaribu, ikikataa badilisha mwinamo wake kidogo, ikikataa tena ihamishe pembeni. Fanya badiliko moja kwa safari moja, ukigusa vitu vitatu pamoja hutajua kipi kimesaidia.

Kuna maji chini ya dekini na hujui yanatoka wapi. Kausha kabisa, tandaza unga wa chaki au karatasi za jikoni chini ya kila kifaa ulichofunga, mwagia maji juu sehemu moja kwa wakati ukianzia chini ukipanda. Ukikuta ni rodi-holda, usipake gundi juu juu pembeni, itavuja tena wiki ijayo. Ifungue yote, safisha gundi ya zamani, paka upya.